Nilizinduka bila kupasuliwa

Fomu niliyopewa siku ya kutoka hospitalini ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu yaliyonipata: upasuaji umeahirishwa, mgonjwa ana mzio wa dawa ya usingizi. Mstari huo haukuwa kweli. Kama ningeuamini hadi leo, pengine ningekuwa nimeshazikwa, na si kwa kupasuliwa tena, bali kwa sindano ya homa katika kliniki yoyote ya mtaani. Naeleza hapa jinsi nilivyoupata ukweli, ilinigharimu nini, na ni karatasi gani unapaswa kuidai kabla hujatoka mlangoni.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Busia, upande wa Uganda. Kwa miaka kadhaa nilisumbuliwa na fibroidi, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi. Hedhi ilikuwa haikatiki, damu ilipungua mwilini, na tumbo lilipanda hadi juu ya kitovu. Daktari alisema wazi kuwa vidonge havitoshi tena, lazima uvimbe utolewe. Tukachagua hospitali moja ya binafsi huku mashariki. Amana ilikuwa shilingi 2,500,000, na juu yake tukapewa orodha ya vitu vya kununua famasi ya jirani: kanula, dripu, glavu, nyuzi, na dawa kadhaa. Dada yangu, aliyekuja kuniuguza, ndiye aliyezunguka kuvinunua. Yeye hatupi karatasi. Kila risiti aliibana ndani ya daftari langu la matibabu, lile la shule ambalo sote tunalinunua ili musawo, yaani daktari au muuguzi, aandike humo. Shikeni hilo, kwa sababu nitalirudia.

Jioni kabla ya upasuaji muuguzi aliniuliza kama kuna dawa inayonidhuru. Nilisema hakuna, na ndivyo ilivyokuwa. Septrini, amoksilini, kwinini, seftriaksoni, zote niliwahi kutumia bila shida. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mwili unaweza kuipokea dawa mara kadhaa kimya kimya, huku kinga yake inajifunza kuiona kama adui, kisha siku moja ukalipuka. Kwa hiyo jibu la "sina aleji" si hakikisho kwa mtu yeyote. Hata hivyo swali lenyewe ni muhimu sana. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2008, inataka mgonjwa aulizwe kuhusu mzio kabla hajalazwa usingizi. Ukiona hujaulizwa, sema mwenyewe.

Asubuhi niliingia thieta. Aliyenilaza usingizi alikuwa kijana mpole, ofisa wa usingizi. Wengi wa wanaofanya kazi hiyo nje ya Kampala ni maofisa kama yeye, kwa kuwa madaktari bingwa wa usingizi ni wachache nchini. Aliniambia, "Mama, vuta pumzi, fikiria watoto wako." Nikawafikiria. Kuanzia hapo sikumbuki chochote, na hilo ndilo jambo gumu la kisa hiki: lililonikuta kubwa kuliko yote maishani silijui kwa macho yangu. Nimelikusanya kutoka vinywani mwa wengine na kwenye karatasi.

Kijana yule alinieleza hivi. Dakika chache baada ya kulala, mashine ya presha ilikataa kusoma. Alidhani mkanda wa mkononi umelegea. Akashika mshipa wa shingo, mapigo yalikuwa dhaifu mno. Hapo hapo kifua kikabana, hewa ikawa haisukumiki kuingia. Ngozi yangu ilikuwa safi, hakukuwa na kipele hata kimoja. Wengi wetu tunajua mzio kwa mwasho na vipele, lakini chini ya usingizi mgonjwa hawezi kusema anawashwa, amefunikwa mashuka, na damu inaweza kuikimbia ngozi kabisa. Mara nyingi dalili ya kwanza ni presha kuporomoka. Vipele na uvimbe wa uso vyangu vilijitokeza pale presha ilipoanza kurudi.

Kilichoniokoa ni kwamba aliwahi kuifikia adrenalini. Alinipa kwa mshipa, kidogo kidogo, akarudia, huku dripu zikimiminwa kwa kasi na miguu ikiinuliwa. Daktari wa upasuaji, ambaye alikuwa hajanigusa kwa kisu, alinikandamiza kifua kwa sababu namba ya juu ya presha ilikuwa chini ya 50. Nilipozinduka mbavu ziliniuma kwa wiki kadhaa, nami nikawa najiuliza nimepigwa na nani. Mikono ile iliyoniumiza ndiyo iliyoupelekea damu ubongo wangu. Namshukuru, na namshukuru kijana yule kila ninaposali.

Nilizinduka uso umevimba, koo limekauka, sauti imepotea. Nilipeleka mkono tumboni nikakuta hakuna kidonda. Nilifikiri nimekufa na hii ndiyo ng'ambo. Dada alikaa pembeni akilia, akaniambia tu, "Usingizi ulikukataa." Chumba cha wagonjwa mahututi hakikuwapo hospitalini pale, kwa hiyo nililala karibu na thieta usiku kucha, oksijeni puani, kijana wa usingizi akiingia na kutoka. Kukaa chini ya uangalizi baada ya tukio kama hili ni lazima, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye hata mgonjwa akionekana mzima. Msikubali kuruhusiwa siku ileile.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shangazi alisema kuna mtu ameniwekea jambo, jirani akasema damu yangu haipatani na nusukaputi. Mume wangu hakusema kitu, aliuza ng'ombe mmoja kufidia. Katika ile amana hospitali iliturudishia shilingi 600,000. Zilizobaki zilikwenda kwenye dawa za dharura, oksijeni, dripu na kitanda. Niliomba dua pamoja na shangazi, na sioni aibu kwa hilo. Lakini damu iliendelea kutoka, uvimbe ulikuwa palepale, na sasa nilikuwa naogopa kulala hata usiku wa kawaida. Nilikuwa naamka nikishika kifua. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hofu ya namna hiyo huja baada ya tukio kama hili, na nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Iliyonisaidia ni kuzungumza, si kujikaza.

Hatimaye tulikwenda Kampala, hospitali kubwa, na hapo nikakutana na daktari bingwa wa usingizi, mama mtu mzima. Alisoma fomu yangu akaiweka mezani. "Mama," akaniambia, "sikugusi mpaka nijue walikupa nini." Nilikasirika. Nilikuwa nimetumia nauli, nimepanga foleni tangu alfajiri, na hapa naambiwa nirudi nilikotoka. Leo najua huo ndio uliokuwa msaada mkubwa kuliko wote niliopata.

Alinieleza kuwa usingizi wa upasuaji si dawa moja. Kuna ya kukulaza, kama propofoli au ketamini. Kuna ya maumivu. Kuna ya kulegeza misuli ili mrija upite kooni, kama suksamethoniamu au atrakuriamu. Kuna hewa unayoivuta. Halafu kuna vitu ambavyo si usingizi kabisa lakini huja saa ileile: antibayotiki ya kuzuia maambukizi, klohekisidini ya kusafishia ngozi, lateksi ya glavu, wakati mwingine rangi ya buluu inayodungwa katika upasuaji wa saratani ya matiti. Vyote huingia mwilini ndani ya dakika chache. Kuandika "mzio wa dawa ya usingizi" ni sawa na kusema mtu aliharisha baada ya harusi bila kutaja alikula nini.

Kisha akanionyesha matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa 2018, uitwao NAP6. Kule walikadiria kuwa mzio mkali hutokea mara moja hivi katika kila usingizi 10,000. Walichambua visa 266. Wagonjwa 10 walifariki, waliobaki karibu wote walipona. Na sababu? Karibu nusu ya visa vilivyojulikana chanzo chake vilitokana na antibayotiki. Thuluthi moja ilitokana na dawa za kulegeza misuli. Klohekisidini ilichukua karibu kimoja katika kila kumi. Dawa yenyewe ya kukulaza ni nadra sana kuwa mkosaji, na hewa za usingizi huwa hata hazihesabiwi. Hapo nikaanza kuuliza: kama ni hivyo, kwa nini kila mtu hapa kwetu analaumu usingizi?

Tukarudi mashariki kutafuta chati ya usingizi. Hii ni karatasi ambayo mtu wa usingizi huandika dawa zote, kiasi chake na saa zilipotolewa, pamoja na presha na mapigo. Ndiyo karatasi ninayotaka muidai. Mtu wa rekodi alitukatalia, akasema faili ni mali ya hospitali. Dada hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba hatutaki faili, tunataka nakala ya ukurasa mmoja, na kwamba Mkataba wa Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009 unampa mgonjwa haki ya kujua matibabu aliyopewa. Tuliambiwa tusubiri mkurugenzi. Aliyetusaidia hatimaye ni kijana yuleyule wa usingizi. Aliposikia tupo, alikuja mwenyewe, akaomba faili, akaketi nasi. Naona wengi hawamtafuti mtu huyu kwa kudhani atajificha. Wa kwangu alikuwa na hamu ya kujua kuliko sisi.

Chati ilionyesha hivi: saa nne na dakika tano, propofoli na suksamethoniamu. Saa nne na dakika nane, "antibayotiki imetolewa". Saa nne na dakika kumi na moja, presha imeanguka. Basi. Jina la antibayotiki halikuandikwa, na kijana hakuweza kukumbuka kwa uhakika, maana siku ileile alikuwa na wagonjwa wengine na kila familia huja na dawa zake. Hapo dada akafungua daftari. Risiti ya famasi ilikuwepo, wino umefifia lakini unasomeka: antibayotiki ya seftriaksoni, chupa mbili za gramu moja.

Kwetu ambako familia ndiyo hununua vifaa, risiti ni sehemu ya rekodi ya matibabu. Zitunze. Kama kuna chupa tupu zilizobaki, ziombe pia, zina jina na namba ya toleo.

Kuna kipimo cha damu cha triptesi ambacho kingethibitisha kwamba ulikuwa mzio kweli. Damu hutolewa mara tu mgonjwa anapotulia, vizuri iwe ndani ya saa moja au mbili na isizidi nne, halafu nyingine baada ya saa 24 ili kulinganisha. Kwangu haikuchukuliwa, na nafasi hiyo hairudi. Kama wewe ndiye unayemuuguza mtu na jambo hili likatokea, uliza hapo hapo kama inawezekana kuchukua damu na kuihifadhi.

Kilichobaki kilikuwa vipimo vya ngozi. Hivyo hufanywa wiki nne hadi sita baada ya tukio au baadaye, si mapema, kwa sababu kinga ya mwili iliyotoka kulipuka inaweza kutoa jibu la uongo. Mimi nilikwenda Nairobi, kwa kuwa nina binamu wa kunilaza na mpaka uko mlangoni. Nililipa shilingi 38,000 za Kenya kwa vipimo vyote. Niliambiwa niache Piriton na dawa zote za mafua na mwasho wiki nzima kabla. Daktari aliniwekea matone ya dawa mkononi na kuchoma juu yake, kisha sindano ndogo ndani ya ngozi, kila dawa iliyochanganywa na maji kwa kipimo chake. Kitanda cha dharura na adrenalini vilikuwa tayari pembeni. Huu si mtihani wa kufanyiwa kwenye duka la dawa. Propofoli haikufanya kitu. Suksamethoniamu haikufanya kitu. Atrakuriamu pia. Seftriaksoni ikaota uvimbe mwekundu wenye mwasho, ukapanuka mbele ya macho yangu.

Nililia pale kwenye kiti. Daktari alidhani ni maumivu. Nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa nikihesabu mara ambazo, tangu nitoke hospitalini, mtu wa kliniki ya mtaani alitaka kunichoma seftriaksoni. Hiyo ndiyo sindano tunayochomwa kwa homa, kwa typhoid, kwa kikohozi, kwa kidonda. Mwanangu mdogo alipougua nilikuwa nimelala kliniki naye, nami nina homa, na muuguzi alishafungua chupa kabla mume wangu hajaniita nyumbani. Fomu yangu ingemwambia nini muuguzi yule? Usingizi. Angeendelea tu, na asingekuwa na kosa.

Kwa hiyo msishangae nikisema jina la dawa lina thamani kuliko pesa zote tulizopoteza. Daktari wa Nairobi aliniandikia niepuke seftriaksoni pamoja na sefotaksimu na sefepimu, ambazo zimefanana nayo kwa umbo. Vilevile alinipima penisilini, ikawa salama, kwa hiyo sikufungiwa antibayotiki zote. Hilo nalo ni la maana, kwa sababu mtu akijifungia dawa nyingi bila sababu anaishia kutibiwa kwa dawa dhaifu au ghali. Niliuliza kuhusu watoto wangu. Alisema mzio wa dawa fulani haurithiwi hivyo moja kwa moja, na wasinyimwe seftriaksoni kwa ajili yangu. Niliuliza pia kuhusu samaki, maana humdhuru mjomba wangu na nimesikia watu wakisema mtu wa namna hiyo asipakwe ayodini. Akasema havihusiani.

Upasuaji wa pili ulifanyika Kampala kwa yule mama. Nilimkabidhi chati, risiti na barua ya Nairobi. Alinipa antibayotiki nyingine, klindamaisini, nikiwa macho, kwa dripu ya polepole, akakaa nami akinitazama kwa muda kabla ya kunilaza. Hili linaweza kuombwa na mgonjwa yeyote: antibayotiki itangulie, mgonjwa akiwa macho. Wataalamu wa NAP6 wenyewe walipendekeza hivyo. Mzio wake mara nyingi hujitokeza ndani ya dakika kumi, na mgonjwa aliye macho anaweza kusema koo linambana, wala dawa nyingine hazijaingia kuvuruga picha. Kuhusu kale kadozi kadogo ka majaribio ambako wengine hutoa kwanza, msikategemee. Mtu mwenye mzio anaweza kulipuka kwa kiasi hichohicho kidogo.

Sitasema sikuogopa. Nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Yule mama alinishika mkono akanitajia kila dawa kwa jina kabla ya kuiingiza, na nilikuwa nayajua majina yote. Nilizinduka nina kidonda.

Sasa nina kadi iliyopigwa plastiki, nyuma ya kitambulisho, kwa Kiingereza na Kiswahili: mzio mkali wa seftriaksoni, presha ilianguka, kifua kilibana, ilithibitishwa kwa kipimo cha ngozi. Maneno hayohayo yapo kwa wino mwekundu kwenye jalada la kila daftari jipya na kwenye simu. Mume, dada na binti yangu mkubwa wanayajua kwa moyo, kwa sababu siku nitakayoletwa hospitali sijitambui, hao ndio watakaoulizwa. Kabla ya sindano yoyote kliniki nauliza, "Musawo, adrenalini ipo?" Haidrokotisoni na Piriton ni nyongeza, hazirudishi presha iliyoporomoka. Kwa mtu mzima aliyeanguka kliniki, adrenalini ya misuli ya paja, nusu miligramu, ndiyo ya kwanza. Kama haipo, siketi kwenye kiti chao.

Kwa mgonjwa wa presha au moyo, mtajie mtu wa usingizi kila kidonge unachomeza. Baadhi ya dawa za presha hufanya mzio wa namna hii kuwa mgumu kutibika. Na dawa ikishakuletea madhara, taarifa inaweza kupelekwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Ya kwangu aliijaza kijana wa usingizi.

Kama jambo hili lilikupata miaka iliyopita na fomu yako inasema "usingizi" tu, bado nenda ukaulize chati. Ukiikosa, mwambie daktari wa mzio aina ya upasuaji, mwaka na hospitali. Ataweza kukadiria dawa zilizokuwa zikitumika na kuzipima zote, ingawa kadiri miaka inavyopita ngozi inaweza kuacha kujibu. Usingoje mpaka siku ya kupasuliwa tena.